Wekundu wa Kungu

Mjukuu wangu Masanja, marahaba. Hapa Kiseke tu wazima, nyanya zimekubali.

Umeniuliza kama wekundu wa kungu, tunda la mkungu, huo mnaofundishwa chuoni kuwa una faida mwilini, unarithiwa. Nilijua zamani, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa Mkuyuni. Shangazi yako alizaliwa mwekundu wa ngozi, na mama mkwe wangu akakataa kumpa jina. "Kwetu hakuna rangi hiyo!"

Kumbe miaka michache kabla alikuwa amepanda mbegu ya mkungu wa kungu za njano. Mwezi uleule mti ukazaa mara ya kwanza: kungu nyekundu! Alicheka mpaka akakaa chini. "Rangi hujificha. Hata bibi yangu alikuwa mwekundu!" Akamfunga mtoto mgongoni, akazunguka mtaa mzima akimwita Kabula, jina la huyo bibi yake mwekundu.

Bibi yako, ninayecheka bado.