Nyavu Tulizozitoa Ziwa Nakivale

Makazi ya Nakivale,
Isingiro, Uganda.
16 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Vestine,

Hujambo wewe na wa nyumbani mwako? Na Bella, kifua chake kimepona? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Maharage tumeshayaanika. Goti langu bado linanisumbua, lakini mdomo, kama unavyojua, hauna ugonjwa.

Ile picha uliyotutumia kutoka Kilwa, ya kasa aliyenyongwa na wavu uliotupwa, nimemwonyesha kila mtu, hadi mume wangu Salvator akasema nimeigeuza katekisimu. Huku hatuna bahari wala kasa. Tuna kobe wa majini, na kifo chao ni hichohicho.

Kosa ni letu wenyewe. Wavuvi wetu wakiona boti ya doria huufunga mawe wavu wenye matundu madogo, uliopigwa marufuku, na kuuzamisha, wasikamatwe nao. Doria ikipita wanaogopa kuurudia. Wavu unabaki chini ukivua peke yake, na kinachonaswa hakuna wa kukila. Shemeji yako alizamisha wake mwaka jana. Nilijua, nikanyamaza, maana mume akifungwa nitalima na nani?

Mwezi uliopita Melchior, mwenyekiti wa wavuvi, alimwomba afisa wa ziwa Jumamosi moja ya kazi za pamoja, kama zile za kwetu Burundi: atakayeutoa wavu wake mwenyewe asishtakiwe. Afisa alikubali kwa mdomo tu, basi nani angeamini?

Juzi tulikusanyika ufukweni, watu zaidi ya sitini na mitumbwi minane. Afisa akauliza nyavu ziko wapi. Vestine, wanaume wanaolijua ziwa lile kuliko vitanda vyao walisahau ghafla. Kila mmoja alitazama vidole vyake vya miguu. Niliona aibu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kisha Salvator, ambaye hata harusini humwomba kaka yake amsemee, akasogea mbele ya afisa.

“Chef, moja ni yangu,” akasema. “Nilitupa mimi mwenyewe, juu ya kuogopa. Fasi nilitupia, naijua.”

Afisa akavua viatu, akaingia naye mtumbwini.

Walipouvuta hadi ufukweni, ndani mlikuwa na magamba matupu manne ya kobe na kobe mmoja hai, uzi umemzama shingoni. Niliwapigia kelele wasimvute, wakate uzi mmoja mmoja, kama ulivyotuandikia. Alipoachiwa hakuaga, alizama zake. Ufukwe mzima ulipiga vigelegele.

Hapo kila mtu akakumbuka. Kufikia saa nane mchana tulikuwa na nyavu thelathini na saba, na hakuna aliyekamatwa. Zubairi wa Kakiika, anayekusanya plastiki kuukuu, alizipakia kwenye pikapu yake akaenda nazo Mbarara.

Miaka kumi na tisa nimeishi na mtu huyu nisijue kwamba ni jasiri. Nimemwambia hivyo, akaniuliza kama chakula kiko tayari.

Msalimie shemeji Régis, na Bella mbusu kwa niaba yangu. Mama Marcienne wa hapa jirani anakutaja katika kila rozari. Mungu akulinde, na hao kasa wako pia.

Jana baada ya misa wavuvi walikubaliana kwamba kila wavu unaoshushwa majini ufungwe kibao chenye jina la mwenyewe. Cha kwanza kimeandikwa Salvator, na mwandishi nilikuwa mimi.

Dada yako, mwenye kukupenda na kukukumbuka,
Viviane