Bomba Alilonichomelea Mume Wangu

Mpendwa shangazi mshauri, naomba msaada, na tafadhali cheka kwanza umalize ndipo uendelee kusoma, maana shida yangu ni ya kunyanyua vyuma.

Mimi ni mama kijana, shule sikufika mbali, ila nguvu ninazo, hilo nalisema bila aibu. Nilipojifungua binti yetu mgongo ulininyima raha, hata ndoo ya maji nilikuwa naitazama kama adui, nesi akasema nianze mazoezi taratibu, basi mume wangu ambaye ni fundi wa kuchomelea akachukua bomba la maji, akamimina simenti kwenye makopo ya rangi akayashikiza huku na huku, akagonga na benchi la mbao akaliweka chumba cha nyuma, akaniambia, "Haya mama, nyanyua tukuone," na kweli nilinyanyua shangazi, mgongo ukapona, mikono ikakaza, mpaka jirani yangu naye anakuja tunafanya pamoja.

Sasa nguvu zangu zimelipita bomba. Nililiona linapinda katikati, nikamwambia mume wangu tununue vyuma vya dukani vyenye stendi, kesho yake akalikata bomba pale pale lilipopinda akalichomelea upya na kulipaka rangi nyekundu, akatamba, "Hili hata tembo halipindi!" Wifi yangu akadakia, "Kaka, mkeo anataka vya kuringia watu. Kwani anabeba nini, lori?" Wakacheka, na mimi nikacheka.

Juzi nimelala kwenye benchi, bomba liko juu ya kifua, nikasikia pale palipochomelewa panasema "ka!" Nikalisukumia pembeni, kopo likapasuka pale anapopenda kutambaa binti yangu, bahati siku hiyo alikuwa kwa jirani. Mume wangu nilimwambia limeniteleza, na sasa anatafuta simenti atengeneze kopo jingine. Naogopa nikisema kweli ataona nimeidharau kazi ya mikono yake, na mwenzangu si mtu wa maneno matamu, bomba lile ndiyo maneno yake. Lakini kunyanyua siachi. Nataka mwanangu akue anamwona mama mwenye nguvu. Nifanyeje?

Mama wa Chumba cha Nyuma

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, nimecheka kama ulivyoniruhusu, nilipofika kwenye hiyo "ka" nikaacha.

Hongera kwa mgongo. Sasa nikukaripie. Bomba la maji lina uwazi ndani, limeumbwa kupitisha maji, halikuumbwa kukaa juu ya kifua cha mama anayenyonyesha. Na kuliunga katikati, mahali panapobeba uzito wote, ni kosa la mtu anayependa sana na kupima kidogo. Lakini kosa lake hakulijua. Lako unalijua. Umemwambia limekuteleza, naye maskini anahangaika na kopo wakati ugonjwa uko kwenye bomba. Fundi hafichwi ufa, mama! Ukimficha, umemdharau kuliko duka lolote.

Mshike mkono, mpeleke chumba cha nyuma, mwekee kidole pale palipolia, umwambie, "Lilikuwa juu ya kifua changu." Basi. Usimtaje wifi, usitaje duka. Nyamaza umwache aangalie.

Kisha nunueni fimbo ya chuma kisicho na uwazi, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na sahani zake za uzito zenye vibanio ili zisichomoke. Stendi iwe pana, yenye mikono miwili ya kudaka chuma kikikushinda. Benchi la mbao lipumzike, tafuta la miguu ya chuma. Mume aifunge stendi kwa bolti sakafuni, hapo ufundi wake una kazi kweli kweli, lakini kitu kinachopita juu ya kifua chako asikiunge tena. Mlango uwe na komeo la juu, mtoto asitambae humo. Na usilale chini ya chuma peke yako, yeye au jirani asimame kichwani. Wifi akiuliza unabeba nini, mpishe kwenye benchi ajaribu.

Mwanaume aliyehangaika hivyo ili mgongo wako upone hawezi kulipenda bomba kuliko mgongo. Mwite sasa hivi, kabla hajakoroga hiyo simenti.