Lango la Zizi Lisilo na Kondoo

Al-Suwaidi, Riyadh

Kaka Mwadime,

Pokea salamu za dada yako, na wifi pia umpe zake. Mgongo wa mama vipi, au bado anakataa kupumzika? Mimi ni mzima, ila upweke unanimaliza. Barua hii ataileta Mercy, rafiki yangu wa nyumba ya jirani; mkataba wake umekwisha, halas, anarudi Kenya. Ningepiga simu, lakini tukianza habari za nyinyi kuhama boma nitalia tu.

Ijumaa bosi alitupeleka jangwani, yeye, madam, watoto, na mimi wa kupika chai. Tukasimama kwenye zizi la kondoo la marehemu baba yake. Kaka, lilikuwa zizi kubwa! Sasa kuta zimeporomoka, hodhi zimejaa mchanga, pampu ya kisima imeshika kutu. Katika kibanda cha mchungaji nilikuta birika na kandambili ya mguu mmoja. Nikajiuliza mchungaji huyo alikuwa mtoto wa nani. Halafu harufu ya samadi bado ipo, unaamini? Niliivuta kama mjinga, nikakumbuka nyumbani.

Wakati wa kuondoka, mikono yangu ikafanya mambo yake. Nikavuta lango la chuma la zizi, nikalifunga kwa kamba, na ukuta wa nyuma wote umeanguka! Madam akacheka garini.

"Yalla, Wakesho! Mafi ghanam! Kondoo hakuna, unamfungia nani?"

Ningemwelezaje kwamba kwetu mwenye boma akisafiri huziba lango kwa tawi la mgunga, wapita njia wajue anarudi? Kwamba likiachwa wazi, watu hung'oa hata nguzo? Bosi hakucheka. Alishuka, akaikaza ile kamba kwa fundo la pili, akarudi kwenye usukani.

Basi, kaka, nimekuelewa kwa nini mnahama. Bwawa limekauka, mbuzi wanakufa, na mama hawezi kubaki peke yake. Mpeleke Voi, sina kinyongo tena. Mjomba anayewachunga hao mbuzi waliobaki mwambie nampa pole.

Lakini siku mtakayotoka, kata tawi la mgunga lenye miiba mirefu, uzibe lango vizuri. Usiliache wazi, tafadhali. Tawi hilo nitakuja kulitoa mwenyewe.

Mdogo wako huku mbali,
Wakesho