Ngandu Mahali pa Mpoyi

Jumatatu, 4 Machi 2024
Kitabu cha jubilei ya parokia yetu ya wanareli sasa kiko mtandaoni. Nieleze vizuri, hata kama najieleza mwenyewe: faili ni moja, tunaliandika watu watatu. Masengo, sekretari wa parokia, yuko ofisini kwake. Maurice Ngandu yuko Lubumbashi. Mimi niko sebuleni na tableti. Maurice akifuta herufi kule, inafutika mbele ya macho yangu hapa Kamina. Nilipokuwa régulateur, mwongoza treni, treni mbili hazikuruhusiwa njia moja kati ya stesheni mbili. Hapa zinaruhusiwa tatu.

Leo nimemaliza ukurasa wa kaka yangu Mpoyi — siku aliyogeuza aiguille, reli ya kubadilishia njia, kwa mikono na treni ya abiria ikapona. Hana kaburi tunalolijua. Nilitaka awe na ukurasa.

Jumanne, 5 Machi
Jina limeondolewa. Palipokuwa Mpoyi pameandikwa Ngandu.

Nimempigia Maurice. Hakukana. Eti papa wake, mzee Ngandu, alikuwa chef de gare, mkuu wa stesheni, kwa hiyo aiguille ilikuwa yake. "Na beye bantu ya Kasai, Papa Kabamba, muko bengi sana mu kitabu." Akacheka. Ananiita Papa huku ananitemea mate.

Nimefungua historia ya mabadiliko. Faili halisahau: nani, saa ngapi, amefuta nini. Maurice, saa nne na dakika kumi na mbili, amri moja: tout remplacer, badilisha yote. Kubonyeza mara moja tu kungerudisha kila kitu. Nikaweka kidole. Nikakiondoa. Kwanza nisome.

Jumatano, 6 Machi
Nimesoma kurasa zote, polepole. Maurice ni mvivu, hakusoma. Amri ile haichagui mahali. Inapita kitabu kizima. Kwenye ukurasa wa 31 nilikuwa nimeandika jinsi sisi wa Kasai tulivyofukuzwa hapa mwaka 1993, na Mpoyi alivyofia njiani. Sasa panasomeka hivi: "Ngandu na watoto wake walilala wiki tatu kwenye kwe, jukwaa la stesheni, wakingoja treni. Ngandu alifariki ndani ya behewa kabla ya kufika Mwene-Ditu, akashushwa kando ya reli."

Papa wake Maurice! Yeye aliyesimama kwenye kwe ileile na karatasi mkononi, akitusomea majina yetu. Alikufa mzee, kitandani kwake. Nusu ya Kamina ilikula msibani. Sasa mwanawe amemuua ndani ya behewa letu, na hajui.

Nimemsomea mke wangu, Tshiala.
"Utamuambia?"
"Hakuniuliza."
"Weye uko mubaya, Kabamba."
Kisha akaniomba nisome tena.

Alhamisi, 7 Machi
Masengo amepiga simu asubuhi. "Papa, kesho Ijumaa natuma ku imprimerie. Kama kuko makosa, useme sasa." Nimemjibu kwamba bado ninasoma. Si uongo.

Nikamweleza Tshiala mpango: kitabu kichapwe, Maurice akifungue siku ya misa, ukoo wake wote umemzunguka. Leo hakucheka. "Na Mpoyi? Batoto batamusoma ukurasa gani?"

Nikachukua tableti, nikafungua tena ukurasa wa aiguille.

Saa kumi alasiri. Jina la Maurice limetokea juu ya ukurasa. Yumo. Kistari chake cha kijani kinashuka — 28, 29, 30. Kwenye 31 kimesimama. Kimesimama muda mrefu, baada ya neno "behewa". Kinawaka, kinazimika.

Amefuta Ngandu moja. Moja tu, ya aliyekufa. Pamebaki pengo. Haandiki kitu. Anajua jina gani linapaswa kukaa hapo, na anajua akiliandika hapo atalazimika kuliandika kwenye ukurasa wa aiguille pia.

Tshiala amesimama nyuma yangu. "Rudisha, basi."

Kidole kiko tayari. Sibonyezi. Aliandike yeye.