Sizimi

Wawi, Chake Chake,
Pemba.

Kwa kaka yangu Hamzah bin Suud, Maskati.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia nikiwa mzima, namshukuru Mola, na Mama naye mzima, isipokuwa goti lake la kushoto ambalo likiona wingu tu huanza kulalamika. Natumai wewe, wifi yangu Asya na watoto hamjambo, na joto la huko limepungua kidogo. Huku vuli imewahi. Karafuu za mwisho bado ziko kwenye majamvi kandoni mwa barabara, na mvua ikinyunya kidogo tu mtaa mzima unakimbia, wazee kwa watoto. Juzi Mama alikimbia pia, na goti lake hilohilo, akakunja jamvi la jirani kabla ya letu.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Nimechagua karatasi kwa sababu ujumbe wa sauti huku husikilizwa na nyumba nzima, na huko, najua, unausikiliza garini pamoja na shemeji zako. Haya ninayotaka kukwambia nataka uyasome peke yako kwanza. Mzee Khatib, jirani yetu, anakuja huko kumtazama bintiye, amekubali kukuletea barua hii mkononi. Mpokee vizuri, ametuangalia sana tangu Baba afariki.

Kaka, ujumbe wako tumeupata. Umesema Ami Talib amekueleza kwamba mdogo wako anajifungia na sauti za wanaume wa kizungu, na kwamba siku moja amenikuta barabarani napiga kelele kwa Kiingereza kama aliyerukwa na akili. Ukasema basi, yatosha, Zuweina aache hayo mambo ya kompyuta aje Maskati, umeshamtafutia kazi ya heshima katika ofisi ya shemeji yako. Nyumba ya Baba utaikodisha kwa mfanyabiashara, na Mama atahamia kwa Ami, Unguja. Ulisema yote hayo kwa upole, siwezi kusema hukusema kwa upole. Lakini hukuuliza. Hata mara moja hukuuliza.

Basi mie nakujibu kana kwamba umeuliza.

Sauti zipo, ni kweli. Mmoja wa wanaume hao ni mzee wa rika la Baba, anafuga nyuki, na kila kikao kinaanza kwa khabari za nyuki wake kabla hatujagusa kazi. Na mlango sifungi, kwa sababu chumba cha uani hakina mlango. Uliliwa na mchwa mwaka ule ulipooa, tukatia pazia. Mama hukaa upande wa pili wa pazia akipeta mchele, na ameshajua kusema "gudi moning" kwa saa zote za siku. Ami Talib angeuliza, angeambiwa.

Mie ni mhandisi, kaka. Sichezi na kompyuta. Naandika programu kwa ajili ya mashirika yasiyotafuta faida, yaliyo mbali na hapa, na kazi ile naifanya nikiwa Wawi kwa sababu haijali nimekaa wapi. Kubwa niliyoifanya ni hii. Mkunga wa kituo cha afya shamba akiona mzazi anayejifungua hali yake imegeuka na anahitaji hospitali, anatuma ujumbe mfupi kwa simu yake, hata ikiwa ya vitufe. Mtambo wetu unatafuta dereva aliye karibu na kumpigia. Asipopokea, unampigia mwengine, mpaka apatikane wa kusema naja. Wakati huohuo hospitali inajulishwa, wapasuaji wajiweke tayari. Basi. Ni kitu kidogo, lakini kabla yake mkunga alikuwa anatoka mbio barabarani kusimamisha gari yoyote inayopita, na mara nyengine haipiti.

Bi Zulekha, mkunga wa Tumbe, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutumia. Dereva aliyepatikana siku ile alikuwa Ahmada, yule mwenye pikapu ya samaki. Alikuwa keshapakia dagaa kwenda mjini. Aliyamwaga matenga yote pale pale njiani, akatandika turubai na godoro la jirani, akamchukua mzazi. Aliporudi, paka wa kijiji kizima walikuwa wameshiba. Mzazi na mtoto walisalimika, na Ahmada mpaka leo anatukumbusha dagaa wake kila tukikutana, kisha anacheka mwenyewe.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mara baada ya Idi Kubwa, mkuu wa mradi wetu, mwanamke anayeitwa Karin, alituita kikaoni. Akasema wafadhili wamechagua nchi nyengine, yenye watu wengi zaidi, na kwamba Pemba watumiaji wake ni wachache mno kuendelea nao. Akanishukuru kwa kazi nzuri. Akaniomba niuzime mtambo mwisho wa mwezi, maana funguo zake ninazo mimi, na baada ya hapo nihamie Nairobi niongoze kundi la wahandisi. Cheo kikubwa, kaka. Wenzangu walianza kunipongeza kabla sijafungua mdomo.

Nikamwambia, "Sizimi."

Nililisema kwa Kiswahili, likanitoka tu, halafu nikawafasiria. Karin akanieleza tena, polepole, kama vile tatizo ni lugha. Alikuwa akitazama chini. Nadhani na yeye hakuipenda kazi aliyopewa. Nikamuuliza, wazazi wangapi ndio wengi? Akasema uamuzi hauko mikononi mwake. Nikamwambia mzazi hajifungui kwa wingi, hujifungua mmoja mmoja, na kila mmoja kwao ni watu wote. Akafungua mdomo kunijibu, na hapo hapo mtandao ukakatika.

Unakijua chumba cha uani. Mnara uko upande wa barabarani, na kuta zile nene za Baba hazipitishi kitu. Karin alidhani nimemkatia kwa hasira. Akaniandikia ujumbe mfupi wa simu kwamba kutoka kikaoni vile ni utovu wa adabu na kwamba wataniondolea funguo siku ile ile. Ningesubiri mtandao urudi wenyewe, mtambo ungekuwa umeshazimwa na mtu asiyeijua Tumbe hata kwenye ramani. Nikaibeba kompyuta mikononi ikiwa wazi, nikapita uani, nikapita mbele ya Mama na sufuria yake, nikatoka nje hadi ngazi za mbele, chini ya dirisha la ukumbi ulioutia kufuli. Pale mtandao unajaa. Nikakaa juani, watu wanapita, nikapiga tena.

Karin alipopokea nilimwambia, kwa sauti kubwa maana lori la mchanga lilikuwa linapita, kwamba sikumkatia, na kwamba jibu langu ni lile lile. Akitaka kuuzima, auzime kwa mkono wake, simzuii. Lakini kwanza ampigie Bi Zulekha, amwambie yeye mwenyewe kwamba kuanzia kesho arudi kusimama barabarani. Nikamtajia namba ya simu. Nikamtajia mara ya pili. Hakuiandika. Akasema, "Nipe muda."

Na hapo ndipo alipopita Ami Talib, maana msimu wa karafuu hukaa huku badala ya Unguja. Hicho ndicho kichaa alichokuletea khabari yake.

Muda alioutaka ulikuwa wiki nzima. Nilikuwa sili vizuri, na kila simu ikilia nadhani ni wao. Siku alipopiga aliniuliza nataka nini hasa. Nikamwambia nataka mtupe sisi. Mtambo umejengwa kwa sadaka za watu, nyinyi hauwafai tena, sisi unatufaa. Wakunga na madereva wataunda jumuiya yao, wataiandikisha, na mie nitauangalia. Akataka kusikia kwa wenyewe, kwa hiyo tukafanya kikao kimoja cha mwisho pale pale ngazini, Bi Zulekha, Ahmada na mie tumebanana mbele ya kioo. Bi Zulekha alizungumza kwa utaratibu na heshima zake zote. Ahmada alipopewa nafasi akasema, "Mwambie huyo bibi mie nabeba samaki na nabeba wazazi. Samaki hawajampa mtoto wao jina langu, mzazi amempa. Sasa nani aniambie niache kubeba wazazi?" Nilimfasiria neno kwa neno. Yule mzee wa nyuki alicheka mpaka akavua miwani.

Walitupatia, kaka. Kwa maandishi. Mtambo ni wetu. Cheo cha Nairobi nimekikataa na mkataba wangu na wao umekwisha, na sijuti. Nimeshapata mashirika mengine mawili madogo, moja la wakulima wa mwani, na Rahma, aliyemaliza chuo Unguja akarudi kukaa bure kwao, sasa tunafanya kazi pamoja. Siku hizi wakunga wa Mgogoni nao wameingia.

Nimefika pagumu. Vuta pumzi.

Madereva na wakunga hawawezi kukutania ngazini mvuani. Na mie siwezi kuwa mtu wa kukimbia na kompyuta juani kila mtandao ukikatika, ilhali nyuma ya dirisha kuna ukumbi mzima, mkavu, unaopata mtandao mchana kutwa, umefungwa tangu arubaini ya Baba. Ulitia kufuli ukasema mtu asiingie mpaka utakaporudi kuishi. Miaka inapita. Hukurudi, na sikulaumu, maisha yako yako huko. Lakini sisi tuko hapa.

Nimeufungua. Nilimwita fundi akakata kufuli. Godoro lako liko na nailoni yake, kabati la vyombo halikuvunjika hata kikombe, vyote viko chumba cha kati, salama. Madirisha yalikuwa yamegandana kwa kutu, tukayapiga mafuta, yakafunguka. Sasa pana meza mbili, mkeka, na ubao tunaoandika majina ya madereva wa zamu. Ami Talib alikuja siku ya pili akauliza kwa idhini ya nani. Nilikuwa najitayarisha kujibu, Mama akanitangulia, akamwambia, "Kwa idhini yangu."

Na hili ndilo nililolizunguka tangu mwanzo wa barua. Ulipotuma ule ujumbe wa kukodisha nyumba, Mama alikuwa jikoni. Aliusikiliza wote. Akauliza kama umekwisha, nikasema umekwisha. Akazima jiko na mchuzi haujaiva, akavaa buibui lake jipya, akaniambia, "Zuweina, tutoke." Nilidhani anakwenda kwa jirani kulia. Alinipeleka kwa Kadhi.

Si mie niliyefungua shauri, kaka. Ni Mama. Bi Jawaher, ambaye tangu tuzaliwe hatujamsikia akipandisha sauti kwa mtu, alikaa mbele ya Kadhi akaeleza kwamba mumewe ameacha mjane, mwana wa kiume na binti, na kwamba mirathi haijagawanywa kwa sababu kila mtu alimsubiri mwana wa kiume. Anataka igawanywe, kila mmoja apate fungu lake kama Mungu alivyopanga, asizidishiwe asipunguziwe. Ameomba mikarafuu ya Mgogoni ihesabiwe katika fungu lako, maana fungu lako ni kubwa kuliko letu, na sisi wawili tupate nyumba hii. Kadhi akamuuliza kama ana hakika anataka kumshitaki mwanawe. Mama akasema, "Simshitaki. Namwita. Kwa simu haitiki."

Mimi ndiye niliyelia, si yeye.

Kadhi hakati shauri upande mmoja haupo, kwa hiyo wito utakufikia kwa njia zake. Sikutaka uupokee kutoka kwa mgeni wala kutoka kwa Ami. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi kwa kufuli, hilo ni langu na ningelikata tena leo. Lakini hilo la Kadhi ni la mama yako, na ni haki yake, na wewe unajua ni haki yake kwa sababu umesoma Kurani chuoni kuliko mimi.

Maskati siji. Nyumba haikodishwi. Mama hahami. Na mtambo hauzimwi. Wakati naandika hapa, simu ya Ahmada imelia mara moja na keshaondoka.

Njoo, Hamzah. Njoo kwa shauri, au njoo kabla yake tulimalize sisi kwa sisi, Kadhi mwenyewe amesema ndilo analolipenda. Njoo na Asya na watoto, wamwone bibi yao angali na nguvu za kukunja majamvi. Utakula, utalala, na hakuna atakayekunyima kiti. Ila ukija, uje kuuliza.

Nisalimie wifi yangu, na watoto nawabusu kwenye vipaji vya nyuso. Bi Zulekha anakusalimu, anasema bado anakukumbuka ulivyokuwa unaogopa sindano. Mama nimemsomea barua hii yote, mstari kwa mstari. Nilimuuliza nifute wapi, nilainishe wapi. Akasema nisifute kitu, nikuongezee tu kwamba anakupenda na kwamba yuko nyumbani kwake.

Mdogo wako,

Zuweina binti Suud
Mhandisi, Wawi