Koti Ulilozikwa Nalo

Ndugu yangu Kabamba,

Nimeanza barua hii mara tatu na kuichana. Ungenicheka. Ungesema, "Panya, andika tu, karatasi haiumi." Panya ndilo jina ulilonipa kwa sababu kazi yangu ilikuwa ya chumba cha giza: wewe mbele na kamera na maharusi, mimi nyuma na dawa za kusafishia picha na taa nyekundu. Miaka kumi na mmoja tulifanya hivyo. Sasa mbele na nyuma ni mimi peke yangu, na nakuandikia kwa sababu kuna kosa nililolifanya siku ya kilio chako.

Nalisema wazi. Mimi ndiye niliyekuvalisha koti la studio.

Mkeo alinipa koti lako mwenyewe, lile lililoungua kwa dawa mikononi. Nikalitazama, roho ikaniuma. Mtu aliyewapendezesha watu wa Elizabethville miaka yote hiyo, aende mbele ya Mungu na madoa? Nikakimbia studio nikachukua lile jeusi lililotundikwa nyuma ya mlango, tulilowaazima wanaume wote waliokuja bila koti. Na nani hakulivaa? Wachimbaji wa kampi ya mgodi, wapishi wa Wazungu, walimu wa misheni, bwana harusi baada ya bwana harusi, waliingia na shati wakatoka kwenye picha wakiwa mabwana. Waliokuwa wembamba uliwabana kwa pini mgongoni, wanene ukawaambia wavute pumzi. Na kifungo cha pili kilikuwa cha kahawia, maana cheusi kilipotea na hatukupata mwenzake. Hata kwenye picha kinaonekana, kimefifia kuliko vingine. Ukiingia nyumba yoyote ya kampi, unakiona ukutani.

Watu walipopita kukuaga niliona jambo nisilolielewa. Wanaume walikutazama usoni, kisha kifuani, kisha wakapeleka mkono kwenye vifua vyao wenyewe. Mmoja baada ya mwingine. Nikadhani ni heshima. Bibi yangu alinifundisha tangu utoto kwamba ukimzika mtu na nguo ya aliye hai, umempa njia ya kumvuta mwenye nguo. Nilijua hivyo, Kabamba, na bado nilikuvalisha, kwa kuwa niliona koti ni mali ya studio, kama kiti, kama lile pazia lako lililochorwa ngazi. Kumbe kila aliyepigwa picha nalo alijua moyoni kwamba ni lake.

Wiki ya tatu akaja mama mmoja kutoka Kilwa yetu ya kule ziwani. Alipanda kamyo, lori la samaki, akapitia Kasomeno, na picha ya mwanawe ameifunga kifuani kwa kitambaa. Mwanawe, Lewi, mchimbaji, alikuwa amelazwa kwa homa. Ulimpiga picha wewe mwaka alipopata kazi, ili mama yake aone kwamba hajapotea. Mama akaiweka picha mezani, akaweka kidole kwenye kifungo.

"Baba, ule muntu mulizika iko na koti ya mutoto wangu. Unimutoleye ile koti. Mi sitaki maneno. Toa tu."

Nilitaka kumwambia kwamba homa ni homa. Nikamtazama miguu, vumbi la njia nzima, nikashindwa. Nikatafuta kwenye sanduku kioo cha Lewi, kile tulichochapia picha yake. Wewe unajua vioo vyetu: kilicho cheusi duniani, pale ni uwazi mtupu, na cheupe ndicho giza. Koti la Lewi lilikuwa wazi kama dirisha. Nikakwaruza kidogo kwa wembe ili rangi ishike, nikapaka nyekundu kwa ile brashi yako ya nywele tatu, mpaka mwanga usipite. Karatasini pakatokea shati jeupe. Kazi mbaya, bega moja juu na jingine chini, wewe ungeitupa. Mama yule aliikumbatia akaenda nayo hospitali. Siku ya nne Lewi akatoka kwa miguu yake mwenyewe.

Sisemi ni brashi yangu. Lakini nani angenisikiliza? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jumatatu iliyofuata nilikuta watu mlangoni wamekaa chini na picha zao magotini, wengine wamezifunika uso kwa leso kama maiti. Wake za wachimbaji, hasa. Hakuna aliyenitukana. Mmoja tu aliniuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi: "Ni weye njo ulimuvalisha?" Nikasema ni mimi. Akanipa picha ya mumewe akakaa kungoja.

Na hapo ndipo ulipoanza kuja.

Nilikuwa nachapa kwanza picha moja ya kila kioo kama kilivyo, ili nijue mipaka ya koti kabla ya kupaka. Unajua karatasi ikiwa ndani ya dawa, cheusi hutangulia. Koti linatokea kwanza, tupu, limesimama wima bila shingo, bila mikono. Kwa pumzi tatu au nne hujui ni nani atakayekuja kukaa ndani yake. Miaka yote sikuwahi kuliona jambo hilo, ni kazi tu. Sasa nilikuwa nasimama chini ya taa nyekundu, saa nne asubuhi, watu wanaongea nje, na ninaomba. Niliogopa uso wako utokee. Nitakuambia aibu yangu yote: kila ulipotokea uso wa mwingine, nilishukuru, kisha nikalia kwa kukukosa.

Siku moja nilisikia kabisa mtu anakohoa upande wa pili wa pazia, kikohozi chako kile cha kuanzia kazi. Nikatoka. Kulikuwa na kiti tu.

Nikapaka, nikapaka. Niliwatoa walimu, wapishi, wachimbaji, hadi yule mnene aliyepasua mshono wa kwapa ukasema koti limepumua. Mwisho kwenye sanduku kikabaki kioo kimoja, nami nilijua tangu mwanzo kwamba kitabaki. Kioo changu.

Unakumbuka harusi yangu. Mimi nilikuwa bwana harusi, kwa hiyo hukuwa na Panya wako wa kukusaidia. Ukatengeneza kamera, ukampa mjomba wa mke wangu Yustina ule mpira wa kufyatulia picha, ukamwambia, "Bado, ungoje niseme." Ukaja kunilaza kola. Mjomba, na pombe ya asubuhi kichwani, akaubinya. Kilikuwa kioo cha mwisho. Kwa hiyo mimi na Yustina tumesimama, mimi ndani ya koti, na begani kwangu uko mkono wako mpaka kwenye kifundo, basi, mengine yamekatwa na ukingo. Ulikasirika wiki nzima. Ulitaka kuufuta, nami kila siku nikasema kesho. Na wewe hukukubali kupigwa picha maisha yako yote, ulisema fundi seremala halali kwenye kitanda chake. Mkeo alipotaka picha yako ya kuweka juu ya jeneza, tulitafuta kila sanduku. Hakuna. Mkono ule ndio wewe wote uliobaki, Kabamba.

Yustina ana mimba ya miezi saba. Tangu kilio aliigeuza picha ikatazama ukuta. Halafu akaniambia, bila ugomvi, anakunja nguo: "Weye unatoa bantu yote mu ile koti, bwana yangu njo anabakia? Kama haiwezekani, mi naenda kuzalia kwetu Lukafu." Nilimjibu vibaya. Akaendelea kukunja nguo.

Juzi nilikaa na kioo. Koti lilikuwa rahisi, mkono wangu umeshalizoea. Nikaja begani. Ukifuta koti na kuacha mkono, umemwacha marehemu amemshika mtu akiwa na shati lake mwenyewe, na mke mjamzito ataitazama hiyo kila siku. Ilibidi uondoke. Nilichovya brashi. Nikaipeleka kwenye kidole cha kwanza, kile chenye kovu la kioo kilichovunjika, na Kabamba, sikuweza. Nikajaribu tena. Brashi ikakauka, nikaichovya upya. Nikapaka kuzunguka vidole vyako, kimoja kimoja, nikakuacha.

Nikapeleka picha nyumbani nikijua nampeleka mke wangu stesheni ya kamyo. Yustina akaishika akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Alitazama muda mrefu. Nikasema nimeshindwa, unisamehe. Akapitisha kidole juu ya vidole vyako.

"Mukono iache," akasema. "Koti ilikuwa ya bantu yote. Ile mukono iko ya kwetu."

Akaitundika, uso ukitazama chumba. Nguo bado zimekunjwa, lakini amezirudisha kabatini.

Nakuahidi jambo moja. Sitanunua koti jingine la kuazima. Watakuja walivyo, na shati la kazi, na viraka, nami nitawapiga picha hivyo hivyo, hata wakinung'unika. Mtoto akizaliwa nitambeba nimsimamishe chini ya mkono wako akujue.

Kwaheri, ndugu yangu. Naomba usije tena kwenye dawa. Utaniua kwa kungoja. Nimemtoa kila mtu humo, mmoja mmoja, na wa mwisho nilikuwa mimi. Lala. Koti ni lako peke yako sasa.

Panya wako,
Donati