Mwambie Mama Aongee

Kambarage,
Shinyanga.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Ngassa,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Hujambo? Na kile kifua, vumbi la huko Bugarama limekiachia sasa? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini uji anamaliza. Nimeamua kuandika kwa sababu simu nikipiga uko chini mgodini, na ukipokea unanikatiza. Barua haikatizwi, kwa hiyo kaa usome.

Habari hasa ni ya mwanao Blessing. Usishtuke, haumwi. Ila kafikisha miezi kumi na, ukiacha kulia, hatoi sauti. Habwabwaji, anatutazama tu. Nilimkuta mkeo Violeth nyuma ya nyumba analia, akidhani mtoto ni kiziwi. Jumanne tukampeleka kliniki. Masikio yake ni mazima, Mungu ashukuriwe.

Muuguzi akatuuliza, mchana nani anaongea naye? Tukaanza kuhesabu. Violeth yuko gengeni hadi jioni. Mtoto anashinda na Mama, na Mama haongei.

Ndugu yangu, wewe ndiye uliyemnyamazisha. Ulipokuja Krismasi ulisema mwanao asiharibiwe kwa Kisukuma wala kwa maneno ya kitoto ya "nyonyo" na "dede". Aongeleshwe Kiswahili safi kama mtu mzima. Ukanunua na redio. Kiswahili cha Mama unakijua, ni cha sokoni. Akaogopa kumharibu mjukuu, akafunga mdomo. Kila asubuhi anamlaza mkekani mbele ya redio, yeye anachambua mchele kimya. Mtoto wa miezi kumi anasikilizishwa bei ya pamba!

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Najua amri hiyo ilikotoka. Nilikuwepo siku ile ya kwanza darasani watoto walipokucheka kwa Kisukuma chako, ukakimbilia zizini ukakaa na ndama hadi jioni. Uliumia, na hutaki mwanao aumie. Kwa hilo sikulaumu hata kidogo.

Lakini muuguzi alitueleza kwamba ile sauti nyembamba ya kuvutavuta maneno, uso ukiwa karibu na uso, ndiyo humfanya mtoto mchanga atege sikio. Na ukimwongelesha kisha ukatulia kidogo, anajifunza kwamba sasa ni zamu yake. Redio haimsubiri mtu. Lugha yoyote ya nyumbani inafaa. Kiswahili atakipata tu, mbona sisi tulikipata.

Jana nikamsihi Mama ajaribu. Akajifunika kanga usoni, akajifunua, akamwita mwanawe kwa Kisukuma, kwa ile sauti aliyotulelea: "Ng'wana wane! Ng'wana wane-e-e!" Akatulia. Blessing akarusha miguu, akafungua mdomo: "Ma-ma-ma-ma!" Ngassa, nililia mimi mtu mzima.

Mama hakulia. Alijiziba mdomo kwa mkono, akageuka kuangalia mlangoni kana kwamba wewe umesimama pale. Tangu hapo hajasema neno tena mbele ya mtoto. Anangoja ruhusa ya mwenye mtoto.

Violeth anakusalimu, na baba mdogo Magesa pia. Nisalimie Chacha unayekaa naye. Mungu akutoe salama shimoni kila zamu. Na ukishatoka, hata kabla ya kuoga, piga simu. Usiongee na mimi, omba upewe Mama. Mwambie aongee. Mwambie kwa Kisukuma.

Dada yako akupendaye,
Scolastika